Figo ya Mtoto si Mali ya Ukoo

Vijana wenzangu, leo nimekuja kugombana. Asiyetaka ugomvi afungue kurasa za mashairi ya mapenzi, yamejaa tele humu na mengine matamu kweli.

Ugomvi wangu ni na sentensi moja. Nimeisikia kijiweni, nimeisikia ndani ya daladala, nimeisikia hata msibani watu wakisubiri chakula: "Mtoto akimpa ndugu yake figo kuna ubaya gani? Si damu yake?" Anayeisema huwa hana nia mbaya. Kasikia habari ya mgonjwa fulani aliyepona, kaguswa, na walio karibu naye wanaitikia kwa vichwa. Mama mmoja anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Na hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana katika mazungumzo yote hayo sijawahi kumsikia mtu hata mmoja akiuliza: huyo mtoto, alipoombwa, alikuwa na nafasi ya kukataa?

Nasema hivi, na nitashikilia hapohapo mpaka mwisho: ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana haihesabiki. Ni amri tu, imevalishwa kanzu ya hiari. Na sisi tunaopiga makofi ndio tunaomziba mtoto mdomo.

TUELEWANE KWANZA

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya Ulaya na ya kwenye sinema. Thubutu! Figo ya kwanza kupandikizwa hapa Tanzania ilipandikizwa Muhimbili, Novemba 2017. Mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma nayo ikaanza. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa India, na ndugu mwenye figo alipanda naye ndege. Mwaka 2023 Dodoma hiyohiyo ikatangaza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu, ule ugonjwa ambao mtaani tunauita sikoseli. Nchi yetu huzaliwa watoto wa namna hiyo zaidi ya 11,000 kila mwaka.

Sasa sikilizeni. Tiba ya uloto inamtaka mtu ambaye chembe zake zinalingana na za mgonjwa, na pa kwanza kutafutwa ni kwa kaka na dada wa baba mmoja mama mmoja. Kila mmoja wao ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Piga hesabu mwenyewe: ikiwa mgonjwa ana miaka 8, kaka na dada zake watakuwa na miaka mingapi? Basi. Suala la mtoto mtoaji halipo tena ng'ambo ya bahari. Limeshavuka kizingiti, limevua viatu, limekaa mkekani.

Lakini vitu hivi havifanani, na watu wengi wanaviweka kapu moja. Uloto hutolewa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, mtoaji akiwa kwenye nusukaputi. Ataumwa kiuno siku kadhaa, na baada ya wiki chache mwili unakuwa umeurudisha. Ini hukatwa kipande, likaota tena, ingawa operesheni yake ni kubwa na si ya kuchezea. Figo ikitoka imetoka. Haioti.

Najua utaniambia mtu mzima anaishi vizuri tu na figo moja. Kweli kabisa. Hatari ya mtoaji mzima kufia kwenye operesheni ni kama watu 3 katika 10,000, na wengi wanarudi kazini kwao kama kawaida. Lakini mtu wa miaka 45 anayetoa figo ameshauona mwili wake ulivyo. Anajua kama ana presha, anajua kama kisukari kimempata, kama ni mwanamke huenda ameshamaliza kuzaa. Mtoto wa miaka 14 ana miaka sitini ya kwenda na hiyo moja iliyobaki, na hajui njiani kuna nini. Kama ni binti ndiyo kabisa. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha wanawake waliotoa figo na wenzao wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Katika mimba za waliotoa, 11 kati ya kila 100 zilipata presha ya mimba. Kwa wasiotoa zilikuwa 5. Haya, mpe binti wa kidato cha pili hizo namba azipime, wakati hata mchepuo wa sayansi na wa sanaa bado unamsumbua kuchagua.

Kwa hiyo msimamo wangu usipotoshwe na wale wasomaji wa haraka haraka. Uloto sikatai, ila una masharti, nitayasema. Figo ya mtoto nakataa.

MLANGO ULIFUNGULIWA VIPI

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Dokta Joseph Murray na wenzake walitoa figo kwa kijana mmoja wakampa pacha wake. Walikuwa mapacha wa kufanana, watu wazima wa miaka 23. Mgonjwa akaishi miaka minane zaidi, na yule aliyetoa akaishi mpaka 2010. Jambo jema, hakuna wa kulipinga. Wakati ule dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine zilikuwa hazijapatikana, kwa hiyo pacha wa kufanana ndiye aliyekuwa tumaini.

Tatizo likaja mwaka 1957, walipotokea mapacha ambao hawajafikia umri. Sheria ya pale ilihesabu utu uzima tangu miaka 21, na wao jozi moja ilikuwa na miaka 19, jozi mbili zina miaka 14. Madaktari wakaogopa. Unawezaje kumpasua mtu mzima wa afya, tena mtoto, kwa operesheni ambayo yeye haimtibu chochote? Wakaenda mahakamani. Na mahakama ikapata jibu ambalo ndilo linalonikera mpaka leo: mtaalamu wa magonjwa ya akili alieleza kwamba pacha wake akifa, huyu mzima ataumia vibaya moyoni, kwa hiyo kutoa figo ni kwa faida yake mwenyewe. Ikaruhusiwa.

Umeona mchezo ulivyochezwa? Mtoto anatolewa kiungo, halafu karatasi inaandikwa kwamba yeye ndiye aliyefaidika.

Mwaka 1972 katika jimbo la Connecticut, kesi ya Hart dhidi ya Brown, umri ukashuka zaidi. Mapacha wa kike, miaka saba na miezi. Wazazi walikubali, hospitali ikasema haigusi mtu mpaka hakimu aseme, na hakimu akasema sawa. Naye akaandika kwamba mtoto yule, kwa kadiri alivyoweza kuelewa, alitaka kutoa ili pacha wake arudi. Kwa kadiri alivyoweza kuelewa! Mtoto wa miaka saba anaelewa kwamba dada yake hayupo kitandani pao usiku. Mwambie akate kidole dada arudi, atakata. Huo ni upendo, tena mkubwa kuliko wa kwetu sisi. Lakini upendo ule ndio sababu ya kumlinda, maana mwenye upendo wa namna ile hana breki.

Halafu tazama upande wa pili. Mwaka 1978, mjini Pittsburgh, mgonjwa mmoja mtu mzima alihitaji uloto. Uloto tu, ule unaorudi. Binamu yake alikuwa ameanza kupimwa, akaonekana anafaa, akabadili mawazo. Mgonjwa akamshtaki. Ndiyo kesi ya McFall dhidi ya Shimp. Hakimu alimlaumu binamu waziwazi kwamba alichofanya hakikubaliki kiutu, lakini akasema sheria haiwezi kumlazimisha mtu atolewe kitu mwilini ili kumwokoa mwingine. Mgonjwa akafariki muda si mrefu.

Weka kesi hizo mbili kwenye mizani. Mtu mzima mwenye ndevu zake, anaombwa kitu kinachoota tena, anakataa, dola nzima inasimama mlangoni kumlinda. Mtoto wa miaka saba anaombwa kitu kisichoota, hana wa kumkatalia, na dola hiyohiyo inampigia muhuri. Kati ya hawa wawili nani alihitaji kulindwa zaidi? Au mwili wa mtu unaanza kuwa wake siku anapopata kitambulisho?

Msidhani ilikuwa mara moja ikaisha. Huko Marekani, kati ya mwaka 1987 na 2000, walio chini ya miaka 18 wapatao 60 walitoa figo. Walikuwa wachache ukilinganisha na watoaji wote, lakini sitini ni darasa zima, na wa kubaki wamesimama.

SASA NJOO NYUMBANI KWETU

Kule angalau walikwenda kwa hakimu. Huku kwetu hakimu ni kikao cha ukoo.

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari. Fedha zikaisha, kiwanja kikauzwa, ng'ombe wa kijijini wakafuata. Ukoo ukakaa kikao kutafuta wa kutoa figo. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimebeba viti vya kuazima, nikaambiwa nikae nisubiri nivirudishe. Kaka wa mgonjwa akasema ana presha. Mdogo wake akasema ana watoto wadogo. Mtoto wa kwanza yuko kazini kwa watu, akilala wiki sita kazi inakwenda. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilisikilizwa kwa heshima. Halafu shangazi mmoja akageuka akamtazama kijana aliyekuwa akigawa maji, yuko kidato cha tatu. Akasema: "Huyu hana mke, hana mtoto, hana kazi. Na figo zake bado mpya."

Watu wakacheka kidogo, kama mzaha. Baada ya dakika tano haukuwa mzaha tena. Wakamwita, wakamwuliza, "Baba yako unampenda au humpendi?" Naomba mlitazame swali hilo vizuri. Hawakumwuliza kama atatoa figo. Kijana akasema, "Nampenda." Mzee wa ukoo akasema, "Basi, mwanamume huyo." Makofi. Kikao kikafungwa kwa dua.

Bahati walipofika hospitali walirudishwa kwa sababu ya umri wake. Ukoo mzima ulimlaani daktari, kwamba ana roho mbaya. Baba wa watu akaendelea na kusafishwa damu mpaka Mungu alipomchukua. Miezi baadaye tuko kibarazani na yule kijana, tunakula mihogo, akaniuliza kitu ambacho sijakisahau: "Hivi bro, ningesema sitaki, ningelala wapi siku ile?"

Ningelala wapi! Wasomi wanaandika vitabu vizito kuhusu ridhaa, na yeye kalimaliza kwa maneno mawili. Mtu mzima akikataa atanuniwa, atasemwa, atahama kundi la WhatsApp la ukoo, maisha yataendelea. Ana chumba chake, ana ufunguo wake. Mtoto anakula kwa hao anaowakatalia. Ada ni wao, shati la shule ni wao, godoro ni lao. Ukimwomba mtu kitu huku umemshikia sahani ya ugali, hujamwomba.

Tena huku kwetu tumemlea mtoto tangu mwanzo asijue neno hapana. Akitumwa dukani akasema hataki, kofi. Akiulizwa mbele ya wageni akijibu vingine, amekosa adabu. Mtoto mwema ni yule anayesema "sawa, baba", kisha anakwenda kulia uani. Halafu siku moja tunamwita sebuleni tukiwa kumi na wawili, tunamwambia leo jisikie huru. Huru gani? Kaujifunzia wapi?

Na si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, inataka maslahi yake yatangulie, na inampa haki ya kusikilizwa kwa mambo yanayomhusu. Kuhusu ridhaa ya mzazi juu ya mwili wa mtoto nako tumeshapigana: Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono mwaka 2019. Sasa kama tumekubali kwamba mzazi hawezi kuisema "ndiyo" ya ndoa kwa niaba ya bintiye, ataisemaje ya figo?

WATAKAONIPINGA

Kwanza wataniambia damu nzito kuliko maji. Sawa, nzito. Lakini mbona uzito wake unamwangukia aliye mdogo? Kwenye kile kikao damu ilikuwa nyepesi kwa kaka, nyepesi kwa mdogo mtu, nyepesi kwa mtoto wa kwanza. Ilipofika kwa mgawa maji ndiyo ikawa nzito.

Pili wataniambia wapo watoto wanaotaka wenyewe, wanalia wapewe nafasi. Naamini wapo. Lakini tuseme ukweli. Mwaka 2011 kijana wa miaka 17 wa China aliuza figo yake, akanunua simu na kompyuta ya mkononi. Dunia nzima ilimcheka, na mpaka leo sisi wenyewe simu mpya ikitoka tunataniana, "Niuze figo nini?" Mwaka 2012 watu tisa walifikishwa mahakamani kwa ajili yake, na hakuna aliyesema, "Mwacheni, si alitaka mwenyewe?" Kila mtu aliona: huyu ni mtoto, kutaka kwake hakutoshi. Basi niambieni, miaka 17 ileile inakuwaje ni utoto penye pesa na utu uzima penye machozi? Akili ya kupima miaka sitini ijayo ama anayo ama hana. Haiji kwa sababu mgonjwa ni baba yake.

Tatu, na hili ndilo zito, wataniuliza: kwa hiyo umwache ndugu yake afe? Silikwepi. Mwaka 1990, jimbo la Illinois, kesi ya Curran dhidi ya Bosze, kijana wa miaka 12 alikuwa na saratani ya damu. Baba yake alitaka watoto wake mapacha wa miaka mitatu na nusu, wa mama mwingine, wapimwe kama uloto wao utafaa. Mama yao akakataa. Mahakama ya juu ya jimbo ikakaa upande wa mama, na ikaeleza yanayotakiwa: mzazi anayekubali ajue hatari na faida, awepo mlezi wa kumshika mtoto mkono katika maumivu yale, na uwepo uhusiano wa karibu kati ya mtoaji na mgonjwa. Mapacha wale walikuwa wamekutana na kaka yao mara chache tu. Kijana akafariki mwaka huohuo.

Najua wengi mtamwita yule mama katili. Mimi kisa hiki kinaniuma, na sitaki kujifanya hakiniumi. Mtoto wa miaka 12 amekufa, na hakuna hoja inayomfufua. Lakini ukisema kwamba uchungu wa mgonjwa peke yake unatosha kufungua mwili wa mtoto mwingine, basi umeufungua kwa kila mgonjwa. Leo kaka, kesho baba, kesho kutwa mjomba mwenye pesa anayemlipia ada. Na mjomba huyo tunamjua, kila ukoo anaye. Mwaka 2025 waandishi wa uchunguzi walionyesha vijana wa magharibi mwa Kenya walivyokuwa wakiuziwa ndoto na kuuza figo. Hao ni watu wazima wenye shida. Mtoto asiye na sauti ataponea wapi?

Nne, ati haya ni mawazo ya Kizungu. Ajabu! Wazungu ndio walioruhusu mwaka 1957 na 1972. Anayemtaka mtoto atoe figo ndiye anayefuata njia yao ya zamani, na wenyewe wameshaanza kurudi nyuma. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliweka kanuni kwamba mtoto aliye hai asitolewe kiungo wala chembe za kupandikizwa, isipokuwa kwa mianya michache ambayo sheria ya nchi itaitaja, na hata hapo apewe ulinzi wa pekee na akubali mwenyewe panapowezekana.

NANYI WAANDISHI

Hapa ndipo ninapotaka kuwashika mashati, maana gazeti hili ni letu.

Mimi natunga riwaya. Mwaka wa tatu sasa, daftari la nne, mchapishaji bado yuko mbinguni. Humo ndani kuna binti wa miaka 15 anayeombwa figo na familia yake, naye anakataa. Sura hiyo nimewasomea washkaji wa kikundi chetu cha uandishi Jumamosi moja. Walikuwa sita. Watano walitaka abadili mawazo. Mmoja kasema, "Akitoa, msomaji atalia, kitabu kitauza." Mwingine kasema binti wa hivyo hapendeki. Wa sita alinyamaza, halafu akauliza kama mwishoni binti ataadhibiwa, kwa sababu lazima kuwe na funzo.

Hapo nikaelewa kitu. Hayo makofi ya msibani na kwenye daladala hayajatoka hewani. Tumeyafundisha sisi watunga hadithi. Katika hadithi zetu, michezo yetu ya redio na filamu zetu, mtoto mwema ni anayejitoa. Anayejipendea kidogo ndiye wa kuliwa na zimwi.

Na si sisi tu. Mmarekani Jodi Picoult alitoa riwaya mwaka 2004, My Sister's Keeper, ya msichana wa miaka 13 aliyezaliwa ili awe akiba ya dada yake mgonjwa. Anapotakiwa figo, anawashtaki wazazi. Kitabu kizima kinampigania, anashinda kesi. Halafu mwandishi anafanya nini? Anamgonga kwa gari, anakufa, na figo inakwenda kwa dada ileile! Filamu yake ya mwaka 2009 iliona aibu ikageuza mwisho. Mimi nilipofika ukurasa ule nilikitupa kitabu kitandani. Yaani hata aliyekubali kumpa msichana haki yake mahakamani alishindwa kumwacha atembee barabarani na figo zake mbili. Msomaji asingemsamehe, nadhani aliogopa hivyo. Figo ilikuwa lazima itoke, kwa hakimu au kwa lori.

Basi mimi binti wangu hatagongwa na gari. Hatapata kichaa, hatatubu kanisani wala msikitini. Atakataa, ndugu zake watamnunia, dada yake ataendelea kuugua, yeye atalia usiku na asubuhi ataenda shule. Atakua. Akifika miaka 25 huenda ataenda hospitali mwenyewe kwa miguu yake, huenda hataenda. Washkaji wasemao hapendeki wamsome tu.

MASHARTI YANGU

Nisiwe mtu wa kulaumu bila kusema kitu. Kwa figo, ngoja afike miaka 18, na hata hapo asiwe wa kwanza kuangaliwa. Waanze wenye umri. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2008 kiliacha upenyo mdogo kwa masharti, mojawapo kwamba njia nyingine zote za kupata kiungo ziwe zimekwisha. Mimi kwa huku kwetu hata upenyo huo nauziba, kwa sababu najua nani atasema zimekwisha: ni kile kikao.

Kwa uloto, ambao unarudi, mtoto achangie, lakini mambo matatu yawepo. Aulizwe peke yake, bila baba, mama wala shangazi chumbani. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni huyu mtoaji tu, asiye daktari wa mgonjwa wala ndugu. Na mtoto akisema sitaki, daktari atoke aseme, "Hafai," basi, neno moja, asiseme kwa nini. Watu wanaopokea watoaji wazima wanajua njia hiyo ya kumsitiri mtu anayeogopa. Mtoto anaistahili mara kumi.

Na kwa sisi wengine, tusio madaktari wala mahakimu, kazi ni moja. Siku nyingine ukisikia habari ya mtoto aliyetoa kiungo na watu wanapiga makofi, wewe weka mikono mfukoni uulize kwa sauti: angesema hataki, angelala wapi? Watakutazama vibaya. Vumilia.

Anayenipinga kalamu anayo, na kurasa za toleo lijalo bado nyeupe. Namsubiri.